Waacheni na Safari Yao

Inapokaribia Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba ya mgeni rasmi inaweza kuandikwa na mtu yeyote kabla mgeni mwenyewe hajapanda jukwaani. Itifaki itazingatiwa. Itatajwa UNESCO na tangazo lake la Novemba 2021. Kisha msemaji atafika pale anapopapenda: Kiswahili kimeitajirisha dunia, na ushahidi ni neno safari. Neno hilo, atasema, limo katika kila kamusi ya Kiingereza, linaeleweka London na Tokyo, wala halihitaji mkalimani. Ukumbi utapiga makofi. Akibakiwa na dakika ataongeza hakuna matata, na ule mchezo wa vibao uitwao Jenga, ulioingia sokoni Uingereza mwaka 1983 kwa ubunifu wa mwanamke aliyekulia Afrika Mashariki. Hatataja kwamba mchezo huo unaoitwa Jenga hauishi mpaka kitu kibomoke.

Maoni haya hayaishi jukwaani tu. Yamo katika vipindi vya redio, katika dibaji za vitabu, na katika vinywa vya walimu ninaowaheshimu. Kwa hiyo yaelezwe kwa ubora wake kabla hayajaguswa. Wenye maoni haya wanasema, kwanza, kwamba safari ni neno letu, na kuingia kwake katika lugha yenye nguvu kuliko zote ni ushindi. Pili, hakuna anayekopa kwa mtu anayemdharau. Waingereza walipolichukua waliukubali ustaarabu wetu wa kusafiri. Tatu, neno hilo linatutangaza bure, linaleta watalii, na watalii wanaleta fedha. Nne, kwa anayenuna, jibu liko tayari: lugha hupokezana maneno, nasi tumechukua shati, meza na kitabu bila kumwomba mtu radhi.

Ni hoja zinazopendeza masikioni. Tatizo ni kwamba zikiwekwa chumba kimoja zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na kila moja ikitolewa nje peke yake inaegemea historia ambayo haikutokea.

Kwanza: eti ni neno letu

Safari imetoka katika Kiarabu, safar. Waturuki wanalo kama sefer. Wairani wanalo, na wasemaji wa Kihindi na Kiurdu wanalo, na wote wanalitumia kwa mwendo wa mtu kutoka hapa kwenda kule. Kama utukufu ni kuwa chimbuko la neno, makofi ya Julai 7 yapelekwe Maskati. Msemaji wetu hawezi kula pande zote mbili. Katika hoja ya nne ametuambia kwamba kukopa neno ni jambo la kawaida lisiloacha deni. Katika hoja ya kwanza anatuambia kwamba kukopwa neno ni ushindi. Achague. Ama mkopaji humtukuza anayemkopa, na sisi tuwe tunawainamia Wareno kila tunapoketi mezani na Waarabu kila tunapofungua kitabu; ama kukopa hakumtukuzi mtu, na hotuba ifungwe mapema watu wakapate chai.

Kilicho chetu kweli ni kazi ambayo neno hili limefanya baada ya kushuka pwani. Hapa lilizaa: kusafiri, kusafirisha, msafiri, msafara, usafiri, usafirishaji. Lilipanuka hadi tukasema "safari hii" tukimaanisha mara hii, kama mama anavyomwambia mtoto aliyevunja kikombe cha tatu kwamba safari hii hanusuriki. Liliingia ofisini likawa safari ya kikazi, ambayo mtumishi wa umma haihesabu kuwa safari mpaka posho iwe imeingia. Likaingia hata makaburini: matangazo ya vifo redioni yanatualika kumsindikiza marehemu katika safari yake ya mwisho. Mwambie Mwingereza kwamba babu yako ameianza safari yake ya mwisho, naye atauliza aliona simba wangapi.

Alichochukua Mwingereza ni jina moja kati ya ukoo wote huo, na ndani ya jina hilo moja akachukua maana moja, nayo si ya kwetu. Hajui safari hii. Hajui safari ya kikazi. Akitaka kusema kwamba shangazi yake amekwenda Birmingham kumuuguza dada yake, hatalitumia neno hili kabisa, na akilitumia watu watadhani anafanya mzaha. Kwa Mswahili, mwendo wa shangazi huyo ndio safari halisi.

Pili: eti waliukubali ustaarabu wetu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na sitaharakisha.

Kwa Mswahili msafiri ni mtu wa kuhurumiwa. Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Dini iliyowalea wengi wa watu wa pwani inamtazama hivyohivyo: msafiri ana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani akalipa siku nyingine, na swala ya rakaa nne anaiswali mbili. Amepunguziwa kwa sababu amepungukiwa. Hana kwake, hana anayemjua, anakula alichowekewa na analala alipoonyeshwa. Ndiyo sababu tunamwombea dua kabla hajatoka, na akifika tunamwambia "pole na safari" hata kama alikuja kwa ndege huku akikoroma njia nzima.

Mtalii anayeshuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na kupewa pole hiyo, akatafsiriwa, hushangaa. Pole ya nini, na safari yenyewe haijaanza? Katika salamu hiyo moja maneno mawili yanayoandikwa sawasawa yamegongana uso kwa uso. Kwetu safari yake imekwisha: amefika, alhamdulillahi, hakuna baya. Kwake itaanza kesho saa kumi na mbili asubuhi, gari litakapofunguliwa paa. Na itakapoanza, atakuwa na dereva, mpishi, hema lenye kitanda, na maji ya moto ya kuoga kwa saa aliyoitaja mwenyewe. Huyo ni sultani ajapokuwa karani kwao. Methali yetu imepinduliwa miguu juu, nasi tunapiga makofi kwa kuwa herufi zimebaki zilezile sita.

Mpinduo huo una historia, na historia hiyo ina majina. Richard Burton, aliyeanza mwendo wa kwenda Ziwa Tanganyika mwaka 1857 pamoja na John Speke, ni miongoni mwa wa mwanzo kuliingiza neno hili katika vitabu vya Kiingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 safari bado inakaribia ile iliyokuwa vinywani mwa watu wa Bagamoyo na Tabora, ambao kwao safari ilikuwa pia ni msafara wenyewe, watu na mizigo yao: kirangozi aliyetangulia, wapagazi wa Kinyamwezi wenye pembe za ndovu mabegani, askari, wanawake waliobeba vyungu, na kila aliyesubiri hongo ikubaliwe na mtemi ndipo njia ifunguliwe. Wakati huo, waliobeba walikuwa ndani ya maana ya neno.

Mei 1873 David Livingstone alifia kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliofuatana naye waliuhifadhi mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo, zaidi ya maili 1,000, wakafika Februari 1874. Kama kuna watu waliostahili kuitwa wasafiri kwa kipimo chochote cha lugha yoyote, ni hao. Vitabu vya Kiingereza viliwapa cheo cha watumishi waaminifu. Msafiri, katika vitabu hivyo, ni maiti.

Lakini aliyelipeleka neno hili katika kila nyumba ya Marekani alikuwa Theodore Roosevelt. Alitoka katika urais Machi 1909, na Aprili akawa ameshashuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, wamekuja kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi ilimwandalia kila kitu: wapagazi zaidi ya 200, mahema, vyakula, na tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi. Kwa muda wa takriban mwaka mmoja baba na mwana waliua kwa bunduki wanyama 512. Katika mizigo kulikuwa na maktaba. Vitabu vilivyofungwa kwa ngozi ya nguruwe, Shakespeare na Homer wakiwamo, vilipangwa ndani ya kasha jepesi, na Roosevelt mwenyewe ameeleza kwa fahari jinsi kasha na vitabu vyake vilivyopungua kidogo tu ratili 60, yaani karibu kilo 27, hivyo kutosha kuwa mzigo wa mpagazi mmoja.

Tusimame hapo kidogo. Kuna mtu aliyevuka mbuga za Afrika Mashariki akiwa na Shakespeare kichwani, kwa maana isiyo ya fumbo hata kidogo. Kitabu cha Roosevelt, *African Game Trails* cha mwaka 1910, kina jedwali la wanyama waliouawa, aina kwa aina. Kina kiambatisho cha vitabu vya maktaba ile, kimoja kimoja. Wapagazi hawakupata kiambatisho. Katika kitabu hichohicho kilicholitangaza neno la Kiswahili kuliko kingine chochote cha wakati wake, waliobeba walihamishwa kutoka ndani ya maana ya neno wakawekwa miongoni mwa vifaa vyake.

Tangu hapo maana haikurudi tena. Mwandishi Ernest Hemingway alikuja mwaka 1933 akaikuta tayari imeshakaa. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, neno liliacha bunduki likashika kamera, lakini mpangilio wa viti haukubadilika: mmoja anatazama, wengine wanamwezesha atazame, na waliobaki ni mandhari.

Anayedhani natia chumvi asafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Barabara kuu inapasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mara nyingi swala wapo, pundamilia wapo, na ukibahatika tembo yuko hatua chache kutoka lami. Ndani ya basi yuko bibi mwenye kuku kwenye tenga chini ya kiti, anakwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa. Pembeni limeegeshwa gari lililofunguliwa paa, na ndani yake yuko bwana kutoka Berlin. Wanamtazama tembo yuleyule kwa dakika ileile. Kwa Kiingereza, bwana yuko safarini na bibi ni abiria wa basi. Bibi ndiye mwenye lugha.

Au tuwatazame Wamaasai, ambao kuhama na ng'ombe kufuata mvua na malisho ni maisha yao tangu mababu. Mwaka 1959 walitolewa ndani ya Hifadhi ya Serengeti wakapelekwa Ngorongoro, ili Serengeti ibaki kama safari ya Kiingereza inavyoitaka, yaani bila watu. Mwendo wao wa karne nzima hakuna mwongozo wa kitalii unaouita safari. Kuondolewa kwao hakukuitwa safari pia. Waliokuja kuitazama nafasi waliyoiacha ndio walioitwa hivyo.

Huu ndio ustaarabu wa kusafiri unaodaiwa kukubaliwa. Sioni kilichokubaliwa.

Tatu: eti linatutangaza bure

Mtangazaji mzuri hutaja jina la bidhaa na duka inapopatikana. Neno safari halitaji lolote kati ya hayo. Mgeni anakwenda "safari" Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Anakwenda "safari" India kutafuta chui milia, na Sri Lanka kutazama tembo. Kama neno hili ni tangazo, basi tunazitangaza nchi za wenzetu kwa bidii isiyo na malipo. Anayekuja kwetu amevutwa na nyumbu wanaovuka mto Mara, na theluji ya Kilimanjaro, na fukwe za Zanzibar. Nyumbu wangevuka hata kama kitendo cha kuwatazama kingeitwa jina la Kiholanzi.

Wala neno hilo halihitaji mtu aende popote tena. Mwaka 1966 simba waliachiwa katika viwanja vya kasri la Longleat, kusini magharibi mwa Uingereza, na familia zikawa zinapita katikati yao ndani ya magari yao, madirisha juu, kisha zinarudi nyumbani jioni. Hiyo ni safari. Bustani ya Disney huko Florida ina Kilimanjaro Safaris tangu 1998: unapanda lori, unazungushwa kwa chini ya nusu saa, unashuka katika kijiji kiitwacho Harambe, jina lililonyofolewa kutoka wito wa Jomo Kenyatta likapungua herufi moja njiani. Na Waingereza wana karamu waiitayo chakula cha safari, ambapo majirani wanakula supu nyumba ya kwanza, nyama nyumba ya pili, na vitamutamu nyumba ya tatu. Mimi ningeiita kuzurura, lakini sikuombwa ushauri. Kampuni ya Apple ilipotoa programu ya kuvinjari intaneti Januari 2003, iliiita Safari, ikaipa alama ya dira. Hiyo nayo hutajwa jukwaani kama ushahidi wa kukua kwa Kiswahili. Kwa kipimo hicho Kireno nacho kinakua kila tunapoegemea meza.

Mavazi nayo yana kituko chake. Yves Saint Laurent alilipandisha koti la safari katika majukwaa ya mitindo ya Paris mwishoni mwa miaka ya 1960, na suti ya aina hiyo ikasambaa duniani kwa jina la safari. Ilipofika kwetu, Waswahili hawakulitambua neno lao. Waliitazama, wakamkumbuka Rais wa Zambia aliyependa kuivaa, wakaiita Kaunda suti. Sijui ushahidi mwingine ulio safi kuliko huo: wenye lugha walipoletewa kitu chenye jina la safari waliona wazi kwamba hakihusiani na safari, wakakitafutia jina jingine.

Halafu kuna suala la hakuna matata, ambalo linaonyesha jinsi fahari hii ilivyo na akili mbili. Filamu ya *The Lion King* ilipotoka mwaka 1994 tulisherehekea: Kiswahili kimeimbwa Hollywood. Sherehe iliendelea miaka mingi. Mwishoni mwa 2018 habari ikasambaa kwamba Disney ilikuwa imeyasajili maneno hayo Marekani kama alama yake ya biashara tangu mwaka 2003, na watu walewale waliosherehekea wakawa wanatia saini malalamiko ya kuibiwa. Ikiwa yalikuwa ni zawadi yetu kwa dunia, hayawezi kuibwa. Ikiwa yaliibwa, tulikuwa tunampigia makofi mwizi kwa miaka 24. Sijasikia msemaji hata mmoja akieleza lini hasa zawadi iligeuka wizi, zaidi ya kwamba ilikuwa siku alipoambiwa kuna pesa ndani yake.

Nne: lugha hupokezana

Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo inayoziua nyingine tatu. Sidai kwamba Waingereza waliiba. Wamefanya kile ambacho kila lugha hufanya: wamechukua sauti wakaijaza walichokihitaji. Walihitaji jina la starehe fulani mpya ya watu wenye nafasi, wakalipata njiani. Neno lao ni halali yao. Ninachopinga ni sisi kulidai, kulipamba, na kulipigia ngoma kama mtoto wetu aliyefaulu ng'ambo.

Lakini kwa kuwa tumealikwa kutazama upokezanaji, tuufungue upande wa pili wa daftari. Wakati Kiingereza kikijizoesha kusema safari, sisi tulipewa nini? Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Afrika Mashariki, mwaka 1914 hadi 1918, farasi na baghala walikufa kwa mbung'o na magari yakakwama matopeni, basi mizigo ya majeshi ikarudi pale ilipokuwa daima: vichwani mwa watu. Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi, wengi kwa nguvu, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na sehemu za Tanganyika walizoziteka. Hesabu rasmi ya waliokufa katika utumishi huo ilipita 40,000, na wanahistoria wengi wanaiona ndogo mno. Kuhara, homa ya mapafu na njaa viliua kuliko risasi. Jeshi hilo la wabebaji lilikuwa na jina la Kiingereza, Carrier Corps, na baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916 wabebaji waliwekwa kambi katika eneo moja la mji. Ulimi wa mji ukalainisha jina hilo la jeshi likawa Kariakoo. Nairobi wakalitamka Kariokor.

Huo ndio upokezanaji. Walichukua neno letu la kutembea wakalifanya lao la kuendeshwa, na sisi tukachukua neno lao la kubeba tukalifanya jina la soko. Maelfu wanashuka daladala Kariakoo kila asubuhi kununua vitenge na vipuri vya simu, wamekanyaga neno la Kiingereza ambalo halijawahi kutajwa katika hotuba yoyote ya kujivunia, ingawa limefika mbali na limezoeleka vizuri kuliko maneno mengi. Katika msafara wa mamba na kenge wamo. Lakini orodha zetu za Julai 7 huchagua mamba tu.

Na wabebaji hawakwisha. Kila siku wanaupanda Kilimanjaro, wanaume na siku hizi wanawake pia, kila mmoja na mzigo wa hadi kilo 20 wa vitu vya wageni. Wao wenyewe huitana wagumu. Kiingereza, kilichopenda sana safari, hakijalitamani neno hilo.

Bei ya makofi

Mtu anaweza kuuliza: yote haya yanamdhuru nani? Watu wakijifurahisha kwa neno moja mara moja kwa mwaka, jengo gani limeanguka?

Bei ipo, ila haiandikwi kwenye risiti. Fahari ya kukopwa ni fahari isiyodai kazi. Haihitaji bajeti, haihitaji mhariri, haihitaji mtu akeshe akitafuta neno. Inahitaji tu Mwingereza awe amefanya kitu, nasi tuwe tumegundua. Kwa hiyo kipimo cha lugha yetu kinahamia kwenye kamusi ya mwingine. Neno likiingia Oxford tunasema limefaulu. Likifanya kazi Kigoma au Lubumbashi kwa miaka mia hatusemi kitu. Tazama hata mashindano ya magari ambayo Wakenya wanayapenda kwa haki. Yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Neno letu lilikuwa limeshalazwa kitanda kimoja na taji lake, na hakuna aliyeshtuka.

Maneno yanayostahili makofi yapo, na yamefanya kazi mbele ya macho yetu. Mwaka 2020 ulimwengu ulipolazimika kuziba mdomo na pua, tulikuwa na barakoa. Ni neno la zamani la pwani, la kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa Kiarabu. Likatoka huko likaenea hadi vijiji ambavyo havijawahi kuiona bahari, ndani ya majuma machache, bila kutafsiriwa. Sensa ya Agosti 2022 Tanzania ilifanywa kwa vishikwambi, neno ambalo wengi walilicheka mwanzoni, na kufikia siku ya kuhesabiwa kila balozi wa nyumba kumi alikuwa akilitamka bila kusita. SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Hapo kuna kazi ya kutisha: wakalimani, istilahi za sheria na fedha, nyaraka ambazo lazima mtu azihariri. Hotuba huitaja kazi hiyo kwa sentensi moja, kisha hukimbilia simba na safari.

Lakini bei kubwa inalipwa darasani. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anajifunza sayansi kwa Kiswahili. Anafundishwa kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na kwamba jambo hilo linaitwa usanisinuru. Ni neno zuri lililofinyangwa kwa makusudi, sanisi na nuru, na ukilisikia mara moja unaona kinachotokea ndani ya jani. Januari anaingia kidato cha kwanza, na neno hilo anavuliwa mlangoni. Somo ni lilelile, mmea ni uleule, lakini sasa yote ni kwa Kiingereza, na mtihani wa kidato cha nne utamtaka aeleze kwa Kiingereza au anyamaze. Mwalimu anayetaka aelewe humweleza kwa Kiswahili, kisha humwamuru aandike kwa lugha nyingine kile alichokielewa. Usanisinuru haliendi kidato cha kwanza, wala chuo kikuu, wala maabara.

Hili halitatajwa Julai 7. Msemaji atakuwa ametaja safari, makofi yatakuwa yamepigwa, na itifaki itamtaka ashuke. Huenda ana haraka pia ya kuwachukua watoto wake katika shule ambayo Kiswahili ni kipindi kimoja kwenye ratiba, na ambako kibao kilichopigiliwa getini kinamwamuru kila aingiaye azungumze Kiingereza tu.